Sura ya Abbo

Jumatatu, Machi 11

Mvua imeanza. Imeshuka mchana bila hata upepo wa kuitangulia, na watu wa sokoni wakajazana kwenye kibaraza cha studio yangu na mizigo yao. Mmoja wao ni Joan, mwanamke wa Paya, kule Tororo, anayevuka mpaka na karanga zake kuja kuuza huku kwetu Busia ya Kenya. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Leo, kwa kukosa la kufanya, akasoma maandishi ya mlangoni: picha za pasipoti, fotokopi, picha za zamani. Akaniuliza kama naweza kutoa picha kwenye negativu ambayo picha yake haijawahi kutolewa hata mara moja.

Nikamwambia naweza. Sikumwambia kwamba skana yenyewe nimeipata Januari tu, ya mitumba, na kwamba nimeijaribu kwa negativu za harusi yangu basi. Mdogo wangu Kevo, aliyenitafutia mashine hiyo Nairobi, ndiye aliyenishauri niwe naandika kila ninachojaribu, maana nasahau nimebonyeza wapi. Basi naandika.

Alhamisi, Machi 14

Joan ameleta negativu. Ni kipande kimoja cha filamu ya nyeusi na nyeupe, kimekaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga tangu kabla hajazaliwa. Baba yake, Mzee Owori, alipewa na rafiki yake Okurut aliyekuwa na kamera. Okurut alifariki kabla ya kuzitoa hizo picha kwenye karatasi, na hakuna aliyejishughulisha tena. Kuna ng'ombe, kuna watoto wamepanga mstari, halafu kuna mwanamke mbele ya nyumba, ungo mkononi. Joan anaamini huyo ni mama yake.

Mama yake aliitwa Abbo. Alikufa Joan hajaanza hata kukaa. Hakuna picha yake nyingine popote. Joan sasa ana miaka thelathini na nane na hajui mama yake alifanana vipi; ameambiwa tu kwamba alikuwa mweusi na mpole, na ameniambia hayo yanaweza kusemwa juu ya mtu yeyote aliyekufa.

Mzee ana presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaendelea kupotea. Ndugu zake Abbo wameisha. Macho ya mzee yakizimika hakutakuwa na mtu wa kuitazama picha na kusema, ndiyo, huyu ndiye. Wanataka kujengea kaburi mvua ikikatika na kufanya misa, na picha iwekwe hapo.

"Lakini mimi naitaka yangu kwanza," Joan akasema. "Nione tu."

Nikamwambia aje Jumatatu.

Jumatatu, Machi 18

Imetoka buluu. Nyumba buluu, ng'ombe buluu, mwanamke kama ametumbukizwa kwenye wino. Joan amekuja nikamwambia stima ilipotea, mashine haikuwaka.

Jumanne, Machi 19

Nilikuwa nimeiambia programu kwamba hii ni filamu ya rangi. Filamu ya rangi ina wekundu wake wa chungwa ambao mashine huuondoa. Hii haina, kwa hiyo mashine ikaondoa kitu ambacho hakipo. Nimebadilisha, buluu imeisha. Sasa kuna miduara juu ya picha nzima, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji.

Ijumaa, Machi 22

Miduara. Nimepangusa kioo, nimepangusa filamu, ipo.

Jumapili, Machi 24

Kevo amekuja kula nasi. Anasema miduara hutokea filamu inapogusa kioo, na unyevu huu wa mvua umeifanya hii ijikunje katikati na kugusa. Tumeigeuza: upande unaong'aa juu, uliofifia chini. Miduara imeondoka. Ila sasa kila kitu kimegeuka, kulia kumekuwa kushoto, ikabidi kuigeuza tena kwenye kompyuta. Nikajikuta sijui tena upande upi ni wa kweli. Kevo ameniambia niangalie namba ndogo zilizo ukingoni mwa filamu. Zikisomeka vizuri, picha iko sawa. Zimesomeka.

Picha ina ukungu hivi, weupe umefifia na weusi umekuwa kijivu. Lakini mtu anaonekana ni mtu. Nimetoa nakala moja ya kumpelekea mzee kabla ya Pasaka.

Jumanne, Aprili 2

Joan amerudi. Mzee ameitazama sana, akaisogeza puani, akasema, "Si yeye." Basi.

Joan hakunilaumu. Alisema tu kwamba labda ni huo ukungu.

Ijumaa, Aprili 5

Ukungu hauko kwenye filamu. Umo ndani ya mashine, upande wa chini wa kioo, ambako kitambaa hakifiki. Kuta zangu zinalia maji. Nimefungua skrubu nikiomba Mungu, nikapangusa, nikarudisha. Skrubu moja imebaki mezani na sijui ilikuwa ya wapi, lakini mashine inafanya kazi na weusi sasa ni weusi.

Jumamosi, Aprili 13

Bartholomew, katekista wa Lumino, ameleta slaidi za parokia yao, za rangi, wanasherehekea jubilei. Zimejaa vumbi na vidoadoa vya kuvu. Nimepata kwenye programu mahali pa kuweka alama ili mashine iondoe vumbi yenyewe. Nimeweka. Slaidi zimetoka safi kama zimepigwa jana, na Bartholomew akanisifu hata nikaona haya. Kwa mara ya kwanza nimejiona najua ninachofanya.

Jumatatu, Aprili 15

Nimeirudia ya Joan kwa moyo mkunjufu. Vumbi limekwisha kabisa. Lakini uso wa yule mwanamke umekuwa kama mtu ameupitishia kidole ukiwa mbichi. Macho ni mashimo mawili laini, mdomo umeyeyuka. Kwenye filamu yenyewe, nikiishika dirishani na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, macho yapo, makali kabisa. Sielewi. Macho yanaingia kwenye mashine na hayatoki.

Jumatatu, Aprili 22

Leo Joan amekuja na baba yake mwenyewe. Wamepanda bodaboda mpaka Busia ya kwao, ng'ambo ya mpaka, wakavuka kwa miguu kwenye matope, mzee kashika bega la binti yake. Ni mrefu, kavaa koti la suti na buti za mpira. Nikampa nakala ile iliyofutika uso, nikamweleza kwamba mashine inanisumbua.

Akaenda nayo mlangoni palipo na mwanga. Akaiinamisha huku na huku.

"Hapana yeye," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Nikamwambia, mzee, hata mimi uso siuoni, wewe umejuaje?

"Abbo hapana simama hivi."

Joan akamuuliza kwa lugha yao, mara mbili, tatu, na sauti yake ikipanda. Mzee aliomba maji, akanywa, wakaondoka.

Nilibaki na hasira, naandika ukweli. Niliona ni mzee mbishi. Mtu haoni hata kizingiti cha mlango, tumemshika asianguke, halafu anasema mtu hasimami hivi.

Alhamisi, Mei 2

Mvua tu. Hakuna wateja. Barabara ya stendi imekuwa mto.

Alhamisi, Mei 9

Leo tumekosana na Joan, na mpaka sasa sijui nani ana makosa.

Kevo alikuwa hapa. Aliiona ile picha iliyofutika na kusema kuna kitu kwenye simu yake kinachorudisha sura. Akaipiga picha, akabonyeza, tukasubiri. Akatokea mwanamke mzuri ajabu. Ngozi laini, macho ya kung'aa, anatabasamu, meno yamepangika. Joan aliingia wakati huohuo na karanga zake. Kevo akamwonyesha kabla sijamzuia.

Joan aliweka gunia chini. Alishika ile simu kwa mikono miwili. Alitazama hadi kioo kikazima, Kevo akakiwasha tena, akaendelea kutazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hayafuti.

Ikabidi nimwambie. Nilimpeleka dirishani, nikampa filamu na kioo cha kukuzia, nikamwonyesha kwamba mwanamke wa kwenye filamu amefunga mdomo. Meno yale simu imeyatunga. Na kama imetunga meno, basi na macho imetunga, na shavu. Huyo aliye kwenye simu hajawahi kuzaliwa.

"Niachie hata huyo," akasema.

Nikamwambia siwezi kutoa picha ya mtu ambaye hayupo, ikawekwe kwenye kaburi.

"Mama Becky, wewe mama yako uko naye," akaniambia. "Unampigia simu kila siku, mimi nakusikia. Usinichagulie."

Akachukua gunia lake akaenda, mvua ikinyesha. Kevo akasema tungempa tu, ingemdhuru nini. Nimeshinda nikijiuliza hilo.

Jumatatu, Mei 13

Joan hajapita.

Ijumaa, Mei 17

Nimejua. Ni ile alama ya vumbi niliyoiweka kwa ajili ya slaidi za Bartholomew. Sikuwahi kuiondoa.

Nimesikiliza maelezo ya fundi mmoja kwenye simu, mara nne nzima kabla sijaelewa. Mashine hutafuta vumbi kwa mwanga fulani ambao sisi hatuuoni. Mwanga huo hupenya filamu ya rangi bila shida, ukizuiwa na vumbi peke yake. Lakini filamu ya zamani ya nyeusi na nyeupe ina madini ya fedha ndani yake, na fedha huuzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Kwa hiyo mashine ilipoona macho ya mwanamke yule iliona uchafu, ikayafuta. Mdomo ikaufuta. Nami nimekaa hapa nikisubiri.

Nimeondoa alama. Vumbi limerudi lote, na uso umerudi. Ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, paji pana, pengo dogo la nywele juu ya sikio. Anakodoa macho kwa jua. Nimeondoa vumbi kwa mkono, punje moja moja, bila kugusa uso.

Nimetuma ujumbe kwa Joan. Amesoma, hajajibu.

Jumatatu, Mei 20

Amekuja. Hatukuzungumzia yaliyopita. Nilimpa picha, akaitazama kwa utulivu zaidi kuliko alivyotazama ile ya simu. Alisema, "Hatufanani." Nikasema labda amefuata upande wa baba. Akaifunga kwenye nailoni isilowane.

Jumamosi, Mei 25

Joan amefika asubuhi na mapema, hata sijafungua. Hakuwa na karanga.

Mzee alitoka na picha ile nje, mvua ikiwa imepumua na jua limewaka. Aliisogeza karibu kabisa na jicho lake zima. Safari hii hakusema hapana. Alisema, "Huyu ni Nasirumbi."

Nasirumbi alikuwa jirani yao, Msamia wa Bulumbi, mke wa mtu aitwaye Eriku aliyekodi shamba karibu nao. Joan hajawahi kusikia jina hilo maishani mwake. Baba yake akamwambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba Abbo alipokufa Nasirumbi alikuwa na mtoto mchanga, na ndiye aliyemnyonyesha Joan. Miezi mingi. Kisha vita vikaja, watu wakatawanyika, na Eriku hakurudi na familia yake tena.

Joan alimuuliza kwa nini hakumwambia. Mzee alisema hakuna aliyeuliza. Halafu baadaye, walipokuwa wanakula, akasema kwamba kila alipomkumbuka yule mama alikumbuka pia mtoto akilia usiku kucha na yeye hana la kumpa, na hakupenda kukumbuka.

Joan ananiuliza mimi, nikiwa nimeshika kufuli, sasa mama yake yuko wapi. Miezi yote hii mzee alikuwa anasema kweli, nami nikamwita mbishi humu. Nimemwambia Joan sijui. Picha ni ile moja. Nyingine ni ng'ombe na watoto.

Jumapili, Juni 2

Joan amemkuta Nasirumbi. Yuko hai, Bulumbi, kwa mwanawe mkubwa. Joan aliuliza njiani jina kwa jina mpaka akafika.

Kanisimulia leo, akikatiza hapa na kuanzia pale, nami naandika nilivyoelewa. Alimkuta mama mzee anaanua mihogo. Alimwambia mimi ni Joan, wa Owori, wa Paya. Yule mama akakaa chini. Akamwambia asogee, akamshika masikio yote mawili kama mtu anavyomshika mtoto mdogo, akamwita jina ambalo Joan hakulijua, jina la utani la utotoni. Walikaa hivyo.

Halafu Joan akatoa picha. Nasirumbi akacheka kujiona na ungo. Akasema siku ile Okurut alikuwa anamaliza filamu. Kisha akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akamuuliza Joan swali ambalo ndilo lililomrudisha kwangu mbio:

"Mbona mmemkata Abbo?"

Abbo alikuwa hapo, alisema, pembeni yake, mlangoni. Okurut alimwita atoke juani, akakataa. Alikuwa na mimba kubwa na hakutaka kupigwa picha akiwa hivyo. Okurut akapiga tu, wote wawili.

Nimemwambia Joan sijamkata mtu. Aliniangalia. Nimeapa.

Jumatatu, Juni 3

Nimemkata.

Leo ndipo nilipozitazama picha za kipande kile zote kwa pamoja. Ng'ombe ni mstatili. Watoto ni mstatili. Ya Nasirumbi inakaribia mraba. Niliona hivyo tangu Machi na nikadhani kamera ya Okurut ilikuwa mbovu.

Mashine hujitafutia yenyewe picha inaanzia wapi na inaishia wapi. Inatafuta zile nafasi tupu zilizo kati ya picha na picha, ambapo filamu haikupata mwanga kabisa. Lakini mlango wa nyumba wenye giza, kwenye negativu, nao hauna kitu. Ni filamu tupu inayopitisha mwanga. Mashine ilifika mlangoni ikadhani picha imekwisha, ikakata hapo. Hata mimi, kila nilipoishika filamu dirishani, nilidhani hiyo ni nafasi tu.

Nimeiambia isinikatie chochote, isome kipande kizima toka mwanzo hadi mwisho. Ukuta umetokea, halafu fremu ya mlango, halafu weusi mtupu. Nimeongeza mwanga. Weusi. Nimeongeza tena, na weusi ukaanza kuwa chenga za kijivu, zikitetemeka kama redio isiyoshika stesheni. Nikaisoma mara nyingi na kuzilaza nakala hizo zote moja juu ya nyingine, kwa kuwa chenga huhama kila mara na kitu cha kweli hakihami.

Kitu hakikuhama. Kwanza mkono, umeshika fremu. Kisha bega. Nilikaa mkono wangu ukiwa juu ya kipanya, naogopa kubonyeza.

Ana uso mwembamba. Jicho moja linaonekana, jingine limezama gizani na siwezi kulitoa. Halimo kwenye filamu, na sitalitunga. Kuna mkwaruzo shingoni. Chenga zimejaa kama mchanga. Si picha nzuri. Mteja mwingine angenirudishia.

Jumanne, Juni 4

Nimempa Joan kiti. Nilimwambia mapema kwamba haiko safi na haitakuwa safi kuliko hapo.

Aliitazama. Nje wachuuzi walikuwa wanaanika mahindi yaliyolowa, mtu anapiga kelele kwamba mkokoteni upite. Joan hakulia. Aligusa karatasi pale kwenye shavu, akatoa kidole.

"Ni msichana," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mama Becky, huyu ni mtoto. Angekuja kwangu leo ningempikia. Ningemuuliza mama yako yuko wapi."

Miaka yote, alisema, alikuwa akimngoja mtu mkubwa kuliko yeye.

Jumamosi, Juni 8

Nimefunga studio nikaenda Paya na Joan. Kumekauka, barabara imeanza kutoa vumbi. Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha ya kumwomba mzee radhi, lakini alinipokea kwa heshima nyingi na chai, akaniuliza habari za mvua ya upande wetu, na nilipoyasema maneno yangu alipunga mkono kama anafukuza nzi. Alisema macho yake yenyewe humdanganya, sembuse mashine.

Joan akampa picha. Akatoka nayo juani, sisi nyuma yake. Akaileta puani, akaipeleka mbali, akafunga jicho baya, akafumbua. Ungo aliuona. Nasirumbi alimwona. Lakini mlangoni ni kijivu juu ya kijivu, na hata mtu mwenye macho yake mawili lazima atulie.

Akaishusha.

"Mimi naona giza tu," akasema. "Yeye iko?"

"Iko, Mzee," nikasema.

Joan akamkalisha kwenye kiti, akaketi chini kando ya goti lake, akaichukua picha. Wakaacha Kiswahili, wakaingia lugha yao. Sikuhitaji kutafsiriwa yote. Nilikuwa nimeukariri uso ule, na nilifuata kidole chake kikishuka. Paji. Jicho. Mkono kwenye fremu. Mara moja mzee aliuliza kitu, na Joan akaitazama karatasi kwa karibu sana. Kisha akajibu, na mzee akacheka kidogo puani, akafuta jicho lililokwisha kufa.

Nilimuuliza Joan baadaye, tukiosha vikombe, aliulizwa nini.

"Ameuliza kama anacheka."

"Ukasema?"

"Nimesema hapana. Lakini karibu."

Tulipotoka na vikombe mzee alikuwa bado amekaa palepale. Akampigapiga Joan begani arudi, aketi, aendelee.